Kanzi: Neno la Akiba Iliyofichwa

Siku hizi neno kanzidata limeenea. Matangazo ya taasisi za umma nchini Tanzania hulitumia yanapotaja mahali zinapohifadhiwa taarifa za watu au za mali kwa njia ya kompyuta. Nusu yake ya pili, data, ni neno la dunia nzima. Nusu ya kwanza, kanzi, ni kongwe mno, na ndiyo ninayokusudia kuijadili, kwa sababu naona sisi washairi tumewaachia mafundi wa mitambo neno ambalo bado lina mengi ya kutufaa.

Kamusi zetu huifasili kanzi kwa maneno kama hazina, akiba, au kitu cha thamani kilichofichwa. Kwa sauti, neno hili halina dalili ya ugeni. Mfuatano wa nz ni wa nyumbani kabisa: tunao katika panzi, chanzo, mwanzi na mwenzi. Hata hivyo, kanzi imetujia kutoka Kiarabu, katika neno kanz, nasi tukaliongezea irabu ya mwisho kama tulivyofanya kwa ardh likawa ardhi. Neno lenye maana ya kilichofichwa likajificha vizuri miongoni mwa wenyeji.

Waarabu nao walilipokea kutoka kwa jirani. Asili yake ni lugha za Iran ya kale, ambako ganza lilikuwa jina la hazina ya mfalme. Katika Kiajemi cha baadaye likawa ganj. Nizami wa Ganja, mshairi mkubwa wa karne ya 12, aliacha tenzi tano ndefu ambazo Waajemi huziita Panj Ganj, yaani Hazina Tano. Utenzi wa kwanza kati ya hizo unaitwa Makhzan al-Asrar, Ghala ya Siri, na hilo makhzan ni la shina moja na neno letu hazina. Hivyo basi, kanzi na hazina zilikwisha kukutana katika kazi za mshairi mmoja.

Wapo wanaoyachukulia maneno haya mawili kuwa kitu kimoja. Mimi nayatenga. Hazina inatokana na kitenzi cha Kiarabu khazana, kuweka ghalani. Ina mlango, mlinzi na daftari, na ndiyo maana serikali ikaweza kuwa na Hazina yake bila mtu kushtuka. Dafina inatokana na dafana, kuzika. Hiyo lazima ifukuliwe. Akiba inatokana na neno lenye maana ya kinachofuata nyuma au mwisho wa jambo, kwa hiyo macho yake yako kesho. Kibindo ni letu wenyewe, ule mkunjo wa nguo kiunoni ambamo mtu hufutika fedha zake na kutembea nazo. Kanzi haihitaji mlango wala shimo wala kiuno. Sharti lake ni moja: kiwe kitu cha thamani, na wengi wasijue kilipo.

Sharti hilo ndilo linaloipa kanzi nyuso mbili, na nyuso hizo zimo tayari ndani ya Kurani. Katika Surat al-Kahf kuna kanzi iliyofichwa chini ya ukuta, mali ya mayatima wawili. Ukuta ulipotaka kuanguka ulisimamishwa, ili mali isalimike hadi watoto watakapokua na kuitoa wenyewe. Katika Surat at-Tawba, kitenzi cha shina hilohilo kinawataja wanaolimbikiza dhahabu na fedha bila kuzitoa katika njia ya Mungu, nao wanaonywa kwa adhabu kali. Karuni naye, ambaye funguo za kanzi zake zililemea kundi la watu wenye nguvu, alididimizwa ardhini pamoja na nyumba yake. Kuficha kwa ajili ya mrithi ni amana, na kuficha ili mwingine asipate ni uchoyo. Neno ni lilelile, na anayelitofautisha ni yule anayesubiriwa mwisho wa maficho.

Kiebrania nacho kina neno geniza, la ukoo huohuo wa Kiajemi: chumba cha kuhifadhia maandishi yaliyochakaa, kwa kuwa yenye jina la Mungu hayatupwi. Katika sinagogi la Ben Ezra, Kairo ya kale, chumba cha namna hiyo kilikusanya karatasi kwa karne nyingi. Mwaka 1896 Solomon Schechter wa Cambridge alikwenda huko, na makumi ya maelfu ya vipande yakatolewa. Humo zilikuwamo hata barua za wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi.

Pwani yetu ilikuwa na kanzi ya aina hiyo, ila chumba chake kilikuwa vichwa vya watu. Muyaka bin Haji alifariki Mombasa karibu mwaka 1840. Kwa nusu karne hivi beti zake ziliishi hasa katika kumbukumbu za wazee, hadi Mwalimu Sikujua alipozikusanya na kuziandika, akishirikiana na mmisionari Mwingereza W. E. Taylor. Diwani yenyewe ilichapishwa mwaka 1940 chini ya uhariri wa William Hichens, takribani miaka 100 baada ya mauti ya mtunzi. Beti zilizosahauliwa kabla Sikujua hajafika hazina geniza ya kufunguliwa. Mwenye kuzijua alipozikwa, nazo zilizikwa. Wala hatuwezi kuziita dafina, maana dafina hufukuliwa.

Kwa hiyo naliheshimu neno kanzidata, kwa sharti kwamba tukumbuke lilikotoka. Mitambo imechukua upande wa kuhifadhi. Upande wa kuficha umebaki bila mwenyewe, na hapo ndipo mshairi ana kazi. Kanzi inafaa kwa mapenzi ambayo hayajatamkwa, kwa elimu iliyonyimwa wanafunzi, kwa msamiati wa lahaja ambao bibi anaujua na mjukuu hajawahi kuuliza. Na kwa mwenye kutafuta vina, lugha yenyewe imetuwekea tayari: kanzi hukaa vizuri na mwenzi, na hukaa vizuri vilevile na kitanzi.

Kwenu, wapenzi wa lugha, nina ombi moja. Kila mmoja wetu ana neno alilolisikia kwa wazee wake ambalo hajaliona katika kamusi yoyote. Liandikeni, pamoja na maana yake na mahali mlipolisikia. Ukuta wa mayatima ulisimamishwa mpaka warithi wakakua. Sisi tumekwisha kukua.