Sala za Kila Siku Lokichar

Kusali hakukuletwa Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya, na wamisionari. Muda mrefu kabla ya kanisa la kwanza, wafugaji wa Lokichar, kusini mwa Lodwar, walimwomba Akuj, yaani Mungu, mvua, malisho na amani. Sala yao ya pamoja, akigat, huongozwa na mzee. Wanaume huketi chini ya mti. Mzee husimama na fimbo mkononi, akitaja kwa sauti kubwa yale yanayotakiwa: maji, mifugo, watoto, amani. Kila anapotaja jambo, wote huitikia kwa pamoja, naye huendelea papo hapo na lingine. Waitikiaji ndio nusu ya sala.

Serikali ya kikoloni iliifanya Turkana wilaya iliyofungwa, na mgeni hakuingia bila kibali, awe mfanyabiashara au mhubiri. Ukame na njaa ya 1960 na 1961 ndivyo vilivyofungua mlango. Mapadre wa Shirika la Mtakatifu Patrick kutoka Ireland walifika Lodwar mwaka 1961, na miaka hiyohiyo ya mwanzo ya 1960 misheni ya Africa Inland ikaanza kazi Lokori, upande wa mto Kerio. Chakula na dawa vilitangulia mahubiri. Lodwar ikawa jimbo kamili la Kikatoliki mwaka 1978, askofu wake wa kwanza akiwa John Mahon. Lokichar kwenyewe, kanisa la Reformed Church of East Africa (RCEA) nalo lina kituo cha afya.

Ugumu wa sala mpya ulikuwa katika ratiba. Sala ya Malaika wa Bwana husaliwa asubuhi, adhuhuri na jioni kwa kufuata kengele, na kengele hufaa watu waliotulia mahali pamoja. Mfugaji huyafuata malisho. Wiki hii yuko karibu na laga, mto wa msimu; msimu ujao yuko mbali. Paulo aliwahimiza Wathesalonike wasiache kusali, lakini hakuwaeleza namna ya kufanya hivyo nyuma ya mbuzi.

Aliyelitatua jambo hilo ni katekista. Akiwa mwenyeji wa palepale, alifundisha kwa Kiturkana sala fupi ambazo mtu asiyesoma huzishika kichwani na kuhama nazo. Jina la Akuj likabaki. Rozari na litania, ambamo mmoja hutangulia na wengine huitikia, hazikuwa na ugeni wowote kwa watu waliokulia katika akigat. Hapo ndipo Ukristo ulipopata mizizi, zaidi kuliko katika majengo.

Tangu miaka ya 1970, maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walihimiza jumuiya ndogondogo za Kikristo, ambapo majirani husali nyumbani kwa zamu. Mtindo huo umefaa hata Lokichar ya leo, iliyopanuka baada ya mafuta kugunduliwa katika kisima cha Ngamia 1 mwaka 2012 na kuvutia watu wa makabila mengi wanaosali kwa Kiswahili. Radio Akicha, ya Jimbo la Lodwar, husikika pia kwa Kiturkana.

Majina ya maaskofu yameandikwa vitabuni. Ya makatekista wengi hayajaandikwa. Baadhi ya makatekista hao wazee wangali hai, na parokia zinapaswa kurekodi simulizi zao sasa.