Mjomba na Wasii katika Uluguru

Waluguru hufuata ukoo wa mama. Mtoto ni wa lukolo, yaani ukoo, wa mamaye, na mwenye kauli juu yake tangu kale ni mjomba. Hata cheo cha Kingalu kule Kinole hurithiwa na mpwa, si mwana.

Uislamu ulipopanda milima hiyo ulikuja na sheria nyingine. Kwa madhehebu ya Imamu Shafii, mali ya yatima husimamiwa na babu mzaa baba. Asipokuwapo, wasii aliyetajwa na baba. Asipokuwapo naye, kadhi. Mjomba hana zamu hapo.

Basi baba akifa kimya, naye ameacha nyumba Morogoro mjini, mjomba huidai kwa mila na baba mdogo kwa dini (ambaye, kwa kweli, hamzidi mjomba kitu!), na watoto hawana ada ya shule. Kumbe baba asiye na mzee wake hai aweza kumwusia mjomba huyo huyo, akiwa mwaminifu, mbele ya mashahidi wawili. Aweza kumwusia mama pia, na wanazuoni wetu humtanguliza akiwa anafaa. Sayyidna Umar alimwachia bintiye Hafsa usimamizi wa wakfu wake wa Khaybar.