Namna ya Kuunganisha Kifaa cha Waya kwenye Mtandao wa Nyumbani Bila Kutandaza Waya

Si jambo geni kwa mkazi wa Vigwaza, kata ya Halmashauri ya Wilaya ya Chalinze mkoani Pwani iliyo kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Morogoro, kuwa na ruta ya intaneti sebuleni ilhali kifaa kinachohitaji mtandao kipo katika fremu ya duka mbele ya nyumba. Simu na kompyuta mpakato hupokea Wi-Fi bila shida. Kinasa picha cha kamera za ulinzi, printa ya ofisi au kompyuta ya mezani ya miaka iliyopita huwa na tundu la waya wa mtandao pekee.

Waya wa shaba wa mtandao huhimili umbali wa hadi mita 100, hivyo wengi hufikiria kuuvuta juu kwa juu kutoka paa moja hadi jingine. Njia hiyo ina hatari. Waya unaoning'inia nje huchakazwa na jua, na wakati wa mvua za masika na vuli unaweza kupitisha mshtuko wa radi ukaunguza ruta na kifaa kwa pamoja. Aidha, ni marufuku kuufunga kwenye nguzo za umeme.

Njia inayofaa zaidi kwa mazingira hayo ni kifaa kidogo kiitwacho daraja la Wi-Fi. Daraja hupokea mawimbi ya ruta kama simu inavyoyapokea, kisha huyatoa kupitia tundu la waya. Mtumiaji huliunganisha kwanza na kompyuta au simu, huchagua jina la Wi-Fi ya nyumbani, huingiza nenosiri, kisha hulihamishia kwenye kifaa husika kwa waya mfupi. Kinasa picha hakitambui tofauti yoyote. Kwake huo ni mtandao wa waya kama mwingine.

Aliye na ruta ya zamani iliyowekwa kabatini hana haja ya kununua kifaa kipya, iwapo programu yake inaruhusu kufanya kazi kama daraja. Hapa ndipo mafundi wengi wa mtaani hukosea. Ruta mbili zikibaki na anwani moja, kwa mfano 192.168.1.1, hugongana na mtandao hukatika mara kwa mara. Ya zamani ipewe anwani tofauti, mathalani 192.168.1.2, na kazi yake ya kugawa anwani kwa vifaa vingine izimwe. Ikiachwa igawe anwani zake yenyewe, intaneti itapatikana, lakini kinasa picha kitakuwa nyuma ya mtandao wa pili na mwenye nyumba aliye sebuleni hatakiona kwa simu yake kupitia anwani ya ndani. Wengi hudhani kifaa kimeharibika na kukirudisha dukani.

Mahali pa kuweka daraja pana uzito kuliko bei yake. Ukuta wa tofali za saruji hupunguza mawimbi. Mabati huyarudisha nyuma karibu yote, hivyo fremu iliyozungushiwa mabati ni mtihani mgumu. Daraja liwekwe upande unaotazama ruta, juu ya usawa wa rafu na mbali na jokofu. Masafa ya gigahetsi 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi, ingawa yana kasi ndogo kuliko ya gigahetsi 5.

Njia ya pili hutumia nyaya za umeme zilizomo ukutani. Adapta moja huchomekwa kwenye soketi karibu na ruta na nyingine karibu na kifaa, na taarifa hupita katika nyaya hizo hizo za volti 230. Hufanya kazi vizuri pale tu soketi zote mbili zinapotoka kwenye mfumo mmoja wa nyaya. Fremu yenye mita yake ya LUKU, au nyumba yenye umeme wa njia tatu, huenda isipate mawimbi kabisa. Adapta zichomekwe moja kwa moja ukutani, kwa kuwa ekstensheni na stabilaiza hudhoofisha mawasiliano. Nyumba inayotegemea sola ya volti 12 haiwezi kutumia njia hii. Katika nyumba za kupanga, kitufe cha kuoanisha kibonyezwe kwenye adapta zote mbili ili mpangaji wa jirani asiingie katika mtandao usio wake.

Wi-Fi ikikatika, kamera zilizounganishwa na kinasa picha kwa nyaya zake huendelea kurekodi; kinachopotea ni uwezo wa kutazama ukiwa mbali. Hatari kubwa zaidi ni nenosiri la kiwandani kuachwa bila kubadilishwa, kwa kuwa mtu wa nje anaweza kuitazama nyumba kupitia kamera za mwenyewe. Nenosiri la kinasa picha, la daraja na la ruta yabadilishwe siku ya kwanza, na ulinzi wa Wi-Fi uwe WPA2 au WPA3.

Vifaa vya mawasiliano vinavyouzwa nchini vinapaswa kuwa vimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Malalamiko kuhusu huduma ya intaneti yenyewe huwasilishwa kwanza kwa mtoa huduma, na yasipotatuliwa hupelekwa TCRA.