Usimamizi Unaojirekebisha: Ni Nani Anayejirekebisha?

Mwaka 1968, wataalamu walipokutana Garmisch, Ujerumani, chini ya mwavuli wa NATO kujadili uundaji wa programu, Alexander d'Agapeyeff alichora piramidi iliyopinduliwa. Ndani yake aliweka tabaka linalokaa baina ya mfumo endeshi na programu za watumiaji. Kwa Kiswahili tabaka hilo tunaweza kuliita programu ya kati. Jina si baya, ila linataja mahali tu, kazi halisemi. Kazi yenyewe ni udalali: huku kuna mwenye haja, kule kuna mashine yenye nafasi, na hawajuani. CORBA, kiwango cha programu ya kati kilichotoka mwaka 1991, kiungo chake kikuu kilipewa jina hilohilo: dalali wa maombi.

Programu ya kati inaposimamia rasilimali za mashine kwa namna ambayo Kiingereza huiita "adaptive resource management", kinachotutatiza ni kivumishi hicho, "adaptive". Yupo atakayeandika "usimamizi badilifu wa rasilimali". Mimi siukubali, maana mbadilifu ni kigeugeu, leo hivi kesho vile, bila sababu. "Nyumbufu" linakaribia, lakini mpira hunyumbuka kwa kuvutwa. Hapa hakuna anayevuta. Mfumo unajipima, unajilinganisha na lengo, kisha unajisahihisha. Silabi moja, -ji-, inayabeba yote hayo.

Tazama Kubernetes, mfumo unaosimamia programu kwenye mashine nyingi, wenye jina la Kigiriki lenye maana ya mshika usukani. Tuseme ni siku ya matokeo ya mitihani, na wazazi wote wanafungua tovuti kwa pamoja. Nakala 4 za programu zinahudumia, kila moja ikitumia asilimia 90 ya kiwango cha prosesa ilichoomba, ilhali lengo ni 60. Msimamizi wa nakala ndani ya Kubernetes huangalia kila sekunde 15, asipopangiwa vingine. Anazidisha 4 kwa 90, anagawa kwa 60, anapata 6. Anaongeza nakala 2. Umati ukipungua, hakimbilii kupunguza: husubiri dakika 5 kwanza, asije akawa anafunga na kufungua mlango kwa kila upepo. Subira hiyo nayo ni sehemu ya kujirekebisha, na ndiyo inayomtofautisha na kigeugeu.

Sasa sarufi yetu inatudai jibu ambalo Kiingereza hukwepa. Ukiandika "rasilimali zinazojirekebisha" umesema kumbukumbu na prosesa ndizo zinazojipanga zenyewe, jambo ambalo si kweli. Zenyewe hugawiwa tu. Ukiandika "usimamizi wa rasilimali unaojirekebisha", u- ya kitenzi inarudi kwa usimamizi, na msomaji anajua nani katenda. Nimeona rasimu ambamo herufi hizo chache zilikosewa, na aya nzima ikawa inaeleza mtambo mwingine kabisa.

Kwa hiyo ninyi mnaotafsiri vitabu vya kompyuta, kabla hamjatafuta kivumishi, tafuteni kwanza mtenda. Akishapatikana, upatanisho wa kisarufi utamalizia kazi.