Jalada ni Vazi la Muziki

Wazee wetu walisema, "Usione vyaelea, vimeundwa." Walinena juu ya vyombo vya baharini, lakini neno hili lafaa pia kwa majalada ya noti za muziki na ya santuri. Muziki hauonekani kwa macho. Kwa hiyo auuzaye hana budi kuuvika vazi, ili mnunuzi ajue ni muziki wa namna gani kabla hajausikia. Twataka kuonyesha jinsi muziki wa watu weusi wa Marekani ulivyovikwa vazi la dhihaka, na jinsi baadaye ulivyopata vazi la heshima.

Mwishoni mwa karne ya 19, kabla santuri hazijaenea, watu wa Marekani walinunua noti zilizopigwa chapa, wakapiga kinanda nyumbani kwao. Ndipo ulipotokea muziki uitwao ragtaimu. Mkono wa kushoto huenda sawasawa kama hatua za askari, na mkono wa kulia hurukaruka, mara ukitangulia, mara ukichelewa. Wapiga chapa wengi, walipotaka kuonyesha kwamba nyimbo zilizomo ni za namna ya watu weusi, walichora juu ya jalada watu weusi wenye midomo mikubwa kupita kiasi na macho yaliyotokeza, ili wachekwe. Alama ile ilieleweka upesi dukani. Walakini ilikuwa uongo.

Mtazameni Scott Joplin. Baba yake alikuwa mtumwa kabla ya uhuru, naye Joplin alisoma katika mji wa Sedalia, kwenye chuo cha watu weusi kilichoanzishwa na Wamethodisti. Mwaka 1899 John Stark alipiga chapa "Maple Leaf Rag," naye Joplin akapatana naye kulipwa senti moja kwa kila nakala. Jina hilo maana yake ni jani la mti. Lakini juu ya jalada la kwanza walichorwa watu weusi wakicheza ngoma, picha iliyotoka katika tangazo la kampuni ya tumbaku. Baadaye jalada likabadilishwa, likawekwa picha ya jani. Hata hivyo mwaka 1902 "The Entertainer" ilitoka na picha ya mchezaji mweusi aliyechorwa kwa mzaha. Na mtunzi huyo ndiye aliyepiga chapa kwa fedha yake mwenyewe, mwaka 1911, opera iitwayo "Treemonisha," habari za msichana aliyefunzwa kusoma akawa kiongozi wa watu wake. Twaona basi jinsi vazi lilivyokuwa mbali na mwenye kuvikwa.

Santuri zilipoenea, nyingi ziliuzwa katika majalada ya karatasi tupu, yenye jina tu. Mwaka 1940 kijana mmoja wa New York, Alex Steinweiss, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Columbia, aliomba ruhusa ya kuchora picha juu yake. Kwa nyimbo za Rodgers na Hart alitumia picha ya taa za mlango wa jumba la michezo, maana nyimbo zile zilitoka katika michezo ya namna hiyo. Kampuni nyingine zikamwiga.

Mabadiliko makubwa kwa muziki wa jazi yalionekana katika kampuni ya Blue Note, iliyoanzishwa New York mwaka 1939. Alfred Lion na rafiki yake Francis Wolff walikuwa wametoka Ujerumani. Wanamuziki walipokuwa wakipiga, Wolff aliwapiga picha wakiwa kazini, jasho likiwatoka na macho wameyafumba. Tangu katikati ya miaka ya 1950 Reid Miles alizipanga picha hizo. Mara nyingi alitumia rangi chache, akaacha nafasi wazi, na herufi akazipanga kwa mwendo kama ngoma yenyewe. Katika "Blue Train," aliyoipiga John Coltrane mwaka 1957, twamwona mpigaji ameinamisha kichwa, mkono karibu na mdomo, anafikiri. Picha yote ni ya rangi ya buluu, wala hakuna wa kuchekwa. Jalada lamwambia mnunuzi: muziki huu ni kazi ya akili, msikilize kwa makini.

Tena kuna santuri ya Horace Silver ya mwaka 1965, "Song for My Father," yaani Wimbo kwa Baba Yangu. Baba yake alizaliwa katika visiwa vya Cape Verde, magharibi ya Afrika. Juu ya jalada mwana hakuweka sura yake mwenyewe. Aliweka ya baba yake, mzee aliyevaa kofia. Toka picha ya tumbaku hata picha ya mzee yule ilipita miaka 66.

Wasomaji wapenzi, jalada hufundisha kabla ya mwalimu. Mtoto aonaye kila siku watu wa rangi yake wamechorwa kwa dhihaka huanza kusadiki kwamba ndivyo walivyo. Kwa hiyo, kila tuonapo jalada la santuri, la gazeti au la kitabu, na tuwazoeze watoto kuuliza maneno mawili: Ni nani aliyechora picha hii? Tena, mwenye wimbo angependa kumwonyesha mama yake?