Intaneti Imekata? Usikimbilie Kununua Ruta: Somo la Mwaka 1983



Mei 12, 2024 intaneti ilisumbua karibu nchi nzima. Jirani yangu mwenye duka la pembejeo alikuwa anasubiri kuagiza mbegu. Nilimshauri abonyeze ruta kwa pini, mipangilio yote ikafutika. Kesho yake nikamwambia anunue ruta mpya. Alinunua kwa fedha ya mzigo, na intaneti haikurudi. Kumbe nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikuwa zimekatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Duka halikuwa na tatizo lolote. Ushauri mbaya ulikuwa wangu, na ndiyo maana naandika leo.

Mahindi yakiwa njano, hunyunyizii dawa kabla ya kung'oa shina moja na kutazama mizizi. Mtandao nao ni hivyo hivyo. Njia ya kuupima tunayo tangu mwaka 1983, mwaka ambao mambo matatu yalitokea Marekani.

La kwanza ni namba. Januari 1, 1983 kompyuta za mtandao wa ARPANET, uliogharamiwa na Wizara ya Ulinzi, zilihamia kwenye kanuni za TCP/IP. Katika kanuni hizo kila kifaa kina namba yake, kama nyumba na anwani. Ruta yako nayo inayo. Mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, tazama kibandiko kilicho chini yake.

La pili ni majina. Zamani majina ya kompyuta zote na namba zake yalikaa kwenye orodha moja iliyotunzwa katika taasisi ya SRI huko California, na kila kituo kilinakili kutoka hapo. Kompyuta zilipoongezeka, daftari hilo likaelemewa. Novemba 1983 Paul Mockapetris alitoa mpango wa DNS, unaogawa daftari hilo kwa watunzaji wengi. Hadi leo ukiandika jina la tovuti, DNS ndiyo inayokutafutia namba yake.

La tatu ni kipimo chenyewe. Desemba 1983 Mike Muuss, aliyefanya kazi katika maabara ya Jeshi la Marekani, aliona mtandao wa kazini kwake unasumbua. Usiku mmoja akaandika programu ndogo inayotuma salamu kwenye kompyuta nyingine na kusubiri jibu. Akaiita ping, kwa mlio wa chombo ambacho manowari hutumia kutambua kitu majini kwa mwangwi. Alipomaliza, akakuta mtandao umeshatengenezwa! Lakini programu yake ikaenea dunia nzima. Muuss alisimulia pia habari ya fundi aliyeiunganisha na spika, akazunguka jengo zima akitikisa viungio vya nyaya huku akisikiliza. Mlio ulipokatika, akajua kiungio kibovu ni kipi.

Sasa fanya hivi. Kwenye kompyuta ya Windows tafuta cmd, ifungue, kisha uulize kwa mpangilio, kuanzia karibu kwenda mbali:

1. Andika ping 192.168.1.1 (au namba ya ruta yako). Usipopata jibu, tatizo liko ndani ya nyumba. Angalia umeme, waya uliolegea, na kama umeunganishwa kwenye Wi-Fi yako mwenyewe.

2. Ruta ikijibu, andika ping 8.8.8.8, namba ya Google iliyo nje kabisa ya nyumba yako. Isipojibu, angalia kwanza kama kifurushi kimekwisha na kama laini imekaa vizuri. Zima ruta, hesabu hadi 30, iwashe tena. Bado? Mpigie mtoa huduma, na uwaulize majirani kama nao wamekatikiwa.

3. Namba ikijibu, andika ping google.com. Namba ikijibu lakini jina likakataa, njia ni nzima, ila daftari la majina ndilo linalosumbua. Zima na uwashe ruta. Ikishindikana, mwambie mtoa huduma kuwa tatizo ni DNS.

Andika majibu yote matatu kwenye karatasi pamoja na saa uliyopima. Ukimsomea mtoa huduma, mazungumzo yatakuwa mafupi, na fundi hatakuuzia kifaa usichohitaji.

Ile pini iwe ya mwisho kabisa, tena baada ya kunakili mipangilio. Siku ile ya Mei hatua ya kwanza ingejibu mara moja, na tungejua kuwa ruta ni nzima. Vipimo hivi vitatu havichukui hata dakika tano. Jirani yangu mpaka leo ana ruta mbili, na moja imekaa kabatini.