Meza ya Miguu Mitatu

Marehemu baba aliniachia meza ya mninga, yenye nguzo moja na miguu mitatu. Aliitengeneza Nachingwea, alipokuwa seremala wakati wa mpango wa karanga.

Mpango huo Waingereza waliuanza mwaka 1947, wakitafuta mafuta ya kula baada ya vita. Vililetwa hata vifaru vilivyogeuzwa matrekta, ikajengwa na reli kutoka pwani. Lakini udongo na mvua havikuchunguzwa vya kutosha. Mwaka 1951 mpango ulivunjwa. Miaka ya 1960 reli nayo ikang'olewa.

Meza ilibaki, tukahamia nayo Ruangwa. Siku moja mguu ulilegea. Kwa haraka zangu nikaupigilia msumari, nguzo ikapasuka.

Nilimpelekea mzee mmoja seremala. Aliichomoa miguu kwa kuitelezesha kuelekea chini, akanionyesha. Kila mguu una ulimi uliotanuka kama mkia wa njiwa, na nguzo ina mfereji mpana ndani, mwembamba mdomoni. Uzito wa meza huisukuma miguu nje, lakini ulimi hauwezi kutokea upande huo.

"Baba yako aliusikiliza mti," aliniambia. "Wewe, mwanangu, umeulazimisha."

Aliuziba ufa kwa gundi na kipande cha mninga, akaurudisha mguu. Kovu la msumari lipo hadi leo. Kila nilionapo huyakumbuka yale matrekta, nami huona haya: kosa lao kubwa nililirudia mimi, kwa nyundo, juu ya kazi ya baba yangu.